Kutoka Ziwani hadi Bagamoyo: Kutafuta Chuo cha Watunza Vitabu

Nianze kwa kuungama. Miaka 9 iliyopita, nilipokuwa mwalimu mgeni katika parokia yetu ya kando ya Ziwa Tanganyika, nilipewa ufunguo wa chumba cha vitabu nikaambiwa nikisafishe. Chumba kilijaa makaratasi ya Mapadri wa kale: madaftari ya hesabu, barua, orodha za wakatekumeni, na vitabu ambavyo mchwa walikwisha kula majalada yake. Nilitenga vile vilivyoonekana vizuri. Vile vilivyoonekana vibaya niliwaachia akina mama wa sokoni wafungie karanga. Hakuna aliyeniamuru, ilikuwa akili yangu mwenyewe, nami nilijisifu ya kuwa chumba kimekuwa cheupe.

Mwaka jana mzee mmoja alikuja kutafuta jina la babu yake katika daftari la ubatizo. Babu huyo alibatizwa mtu mzima, karibu na mwaka 1925, na katika daftari, kando ya jina, Padri alikuwa akiandika kijiji na jina la baba. Mzee alikuwa na shauri la shamba barazani, na bila maandiko hayo hakuwa na ushahidi. Daftari halikuonekana. Padri Paroko alitangaza wakati wa Misa kwamba kila mwenye karatasi ya misioni airudishe bila kuogopa. Zikarudi kurasa 17, nyingine zina mafuta ya karanga. Jina la yule babu halikuwamo. Mzee hakunitukana. Aliniamkia tu kama kila siku, na tangu hapo nilipomwona njiani nilikuwa nikigeuza macho.

Basi halmashauri ya parokia ikakata neno: tusomeshe mtu mmoja kazi ya kutunza vitabu na makaratasi, asome hasa, apate shahada, arudi kwetu. Mmoja tu, kwani fedha ni ya mtu mmoja: sadaka ya Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mauzo ya muhogo wa shamba la akina mama, na kitu kidogo kutoka kwa wavuvi wa ndakala. Akachaguliwa msichana aliyemaliza masomo ya sekondari, binti wa katekista, mwenye mwandiko mzuri na asiye na haraka. Baba yake alitoa sharti moja: “Mwanangu asirudi na cheti kidogo. Arudi na lisansi.” Na kwa kuwa mimi ndimi niliyeharibu, halmashauri ikanituma mimi kwenda kutazama na kuuliza. Nadhani Paroko aliona ndiyo malipizi yanayonifaa. Habari za vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi mwenzangu mmoja ameahidi kuziandika katika gazeti hili, kwa hiyo kwa hizo nanyamaza.

Tulivuka ziwa usiku, kutoka Kalemie, katika chombo cha mizigo. Ziwa letu lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Mtu aliyelala juu ya magunia, akisikia maji yakigonga mbao chini ya sikio lake, huzikumbuka hesabu hizo zaidi ya atakavyo. Asubuhi tulikuwa Kigoma. Karibu na hapo ni Ujiji, ambako Mapadri Weupe walifika mwaka 1879. Kutoka ng’ambo hii ndiko walikovuka kuja kwetu, wakapewa boma la Mpala mwaka 1885. Katika nchi hiyo ya Mpala alitoka Stefano Kaoze, aliyepata upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kuupata katika nyakati zetu. Mapadri wale wa kwanza walikuwa wametoka Bagamoyo kwa miguu mwaka 1878, na wengi wao hawakuzeeka. Mimi niliifuata njia yao kinyumenyume, nimeketi, nikila mahindi ya kuchoma.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, kazi ya Wajerumani, na urefu wake ni kilometa 1,250 hivi. Gari la moshi halina haraka. Katika behewa letu aliketi mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, aliyesoma kitabu tangu tulipong’oa nanga, kama wasemavyo watu wa ziwa. Nilimwambia “Jambo, mama,” kama kwetu. Watoto waliokuwa karibu walinitazama, kisha mmoja akamwambia “Shikamoo,” naye akajibu “Marahaba.” Nikajifunza. Nilipomweleza safari yangu alicheka kwa furaha, kwani yeye mwenyewe alikuwa mkutubi, ndiyo kusema mtunza maktaba. Sisi husema bibliotheki. Neno lao ni maktaba, nalo ni neno zuri, lafanana na kitabu na katibu kama ndugu wa tumbo moja.

Nilikuwa nimechukua ukurasa mmoja wa zile 17 ili niwaonyeshe mabwana wa vyuo. Ulikuwa umepasuka, nami nilikuwa nimeuunga vizuri kwa utepe wa gundi ule ung’aao. Nilimpa kwa fahari kidogo. Aliushika kwa ncha za vidole, akavua miwani.

“Mwalimu, nani aliyefanya hivi?”

“Mimi, mama.”

“Pole. Gundi hii baada ya miaka michache itageuka rangi ya chai, itaingia ndani ya karatasi, na utepe utabanduka na wino wako. Heri ungaliuacha umepasuka. Umebandika na nyingine?”

Nilisema ndiyo. Hakunikemea. Alinieleza kwamba wao hutumia karatasi nyembamba sana na uji wa wanga, kwa kuwa kilichobandikwa kwa uji chaweza kubanduliwa kwa maji siku moja, mtu mwenye akili zaidi akitokea. Alisema pia kwamba pini za chuma hula karatasi kwa kutu, kwamba rafu isigusane na ukuta, kwani mchwa hupanda ukutani na unyevu hukaa huko, na kwamba dawa ya kwanza ya mchwa ni mtu kuingia chumbani kila juma na taa.

Kisha akaniuliza neno ambalo sikuwa nimejiuliza mimi, wala Paroko, wala halmashauri nzima: “Mnataka mtu wa vitabu, au mtu wa nyaraka?”

Nilidhani ni kitu kimoja. Akasema sivyo. Kitabu kilichopigwa chapa, kikiliwa na mchwa kwenu, kuna kingine Tabora, na kingine Roma. Kazi ya mkutubi ni kukiorodhesha, kukipa namba na kumfikishia msomaji. Lakini daftari la ubatizo ni moja duniani. Halipangwi kwa namba za somo, bali hukaa pamoja na ndugu zake waliotoka mkono mmoja na ofisi moja, kwa taratibu ile waliyozaliwa nayo. Ukilitoa katika jamaa yake limepoteza nusu ya maana. Kwa hiyo, alisema, usianze kwa kuuliza chuo jina la shahada. Uliza kama wanafundisha nyaraka pamoja na vitabu. Uliza mwanafunzi hushika karatasi kwa mikono yake saa ngapi kwa juma, na hutumwa wapi kujizoeza, na ni nani anayemsimamia huko.

Nilimwuliza kuhusu namba, maana vitabu vya zamani vya misioni yetu vina namba mgongoni ambazo hakuna azijuaye. Akasema huenda ni za Wabelgiji: Otlet na La Fontaine, walioanza kazi yao Bruxelles mwaka 1895, wakichukua namba za Mmarekani Melvil Dewey za mwaka 1876 na kuzipanua. Katika namba za Dewey dini ni 200. Humo Ukristo umekaa kama mgeni aliyenyosha miguu kitanda kizima, toka 220 hivi mpaka 280 na zaidi, na dini za mababu zetu zimesukumwa katika 299, mlangoni. Mimi ni Mkristo na mwanafunzi wa seminari, lakini nilicheka. Akaniambia kwamba chuo chema humfundisha mwanafunzi namba hizo na pia humfundisha kuzihoji. Habari ya mashine za hesabu nayo aliigusa: iko programu Koha, iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, ambayo hutolewa bure, hata parokia yaweza kuitumia. Asiyeweza kupanga kwa daftari, alisema, hataweza kupanga kwa mashine.

Alishuka Tabora. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere, baada ya masomo yake Makerere, alipofundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, naye baadaye, mwaka 1967, ndiye aliyefungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Nilimshukuru yule mama kupitia dirishani. Dodoma niliihama reli ya zamani, kwani tangu mwaka 2024 ipo reli mpya ya umeme toka huko mpaka Dar es Salaam, na mwendo wake humfanya mtu ashike kofia ijapokuwa madirisha yamefungwa.

Bagamoyo iko kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi. Nilifika jioni, nikapokewa vizuri. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga hapa tangu mwaka 1868, wakikusanya watoto waliokombolewa utumwani. Miembe ya kale bado yaipamba njia ya kwenda baharini, na mwishoni, ufukoni, upo msalaba. Karibu ya misioni umesimama mnara wa kanisa la kale, na humo, mwezi wa Februari 1874, ulilazwa usiku mmoja mwili wa Livingstone, uliobebwa na watu wake kutoka ndani ya bara.

Habari hii niliisoma shuleni, lakini pale mnarani nilikumbuka sehemu yake ambayo zamani sikuitia maanani. Chuma na Susi na wenzao hawakubeba mwili peke yake. Walibeba madaftari yake, barua zake na vyombo vyake. Kabla ya kuondoka, Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik huko Uhindi, aliandika orodha ya vitu vilivyokuwamo masandukuni. Mvua, njaa, homa, miezi mingi ya mwendo, na kila daftari likafika. Ilikuwa kazi ya nyaraka kamili: kuorodhesha, kufunga, kulinda, kukabidhi. Mimi nilikuwa na chumba chenye paa na ufunguo mkononi. Nilisimama pale kitambo.

Asubuhi nilikwenda chuoni. Ni chuo cha ukutubi, nyaraka na uhifadhi wa habari, kilichoanzishwa mwaka 1989, na mwenyewe ni Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanzania. Hapo nilipata jibu jema na jibu gumu. Jema ni kwamba mambo yote mawili, vitabu na nyaraka, yamo katika jina la chuo na katika masomo yake. Gumu ni kwamba hutoa cheti na stashahada tu. Lisansi haipo. Nilimkumbuka katekista na sharti lake, nikajiona kama mtu aliyevuka ziwa kununua ng’ombe akarudi na mbuzi.

Siku ile ile niliandika katika daftari langu vyuo vingine vinavyostahili. Makerere, mjini Kampala, ndiyo mama wa wote upande wetu: shule yake ya ukutubi ilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki, na hutoa shahada kamili, ya maktaba na elimu ya habari, na tena ya kumbukumbu na nyaraka. Yafaa kujua kwamba Septemba 2020 moto uliunguza jengo kuu la Makerere pamoja na makaratasi yaliyokuwamo. Silisemi kwa kuwasuta. Nani mimi niwasute? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina masomo ya elimu ya habari. Masomo ya Makerere na ya Dar es Salaam ni kwa Kiingereza, na Bagamoyo vilevile, nasi tumesoma kwa Kifaransa. Tofauti ni kwamba Bagamoyo na Dar es Salaam msichana wetu akitoka darasani atasema Kiswahili sokoni, kanisani na bwenini, na aweza kumwuliza mwenzake kwa Kiswahili neno lililompita. Yule asiyepata kusoma kwa lugha ya kigeni ugenini asidhani hili ni jambo dogo.

Kwa Kifaransa kipo chuo cha Dakar, kiitwacho EBAD, ambacho tangu mwaka 1967 ni sehemu ya chuo kikuu cha huko. Katika jina lake wakutubi, watunza nyaraka na wahifadhi wa habari wamewekwa pamoja, na kimefundisha watu wa nchi nyingi zilizotawaliwa na Wafaransa na Wabelgiji. Kama tungekuwa Kinshasa ningekishika hicho bila kusita. Kwetu nauli ya ndege peke yake ingekula muhogo wa miaka 2. Lakini kimekuwa kikifundisha pia kwa mbali, na mwalimu mwenye kazi na watoto ambaye hawezi kuondoka, na aliye na umeme na intaneti ya kutegemewa, na awaandikie.

Na Roma je? Niliisitiri mwisho kwa sababu ndiyo niliyoitamani tangu seminari. Papa Pius XI, kabla ya kutumwa Poland mwaka 1918, alikuwa mtunza vitabu karibu miaka 30: alianza Milano mwaka 1888, kisha akawa mkuu wa maktaba ya Vatikani. Alipokuwa Papa alialika wajuzi wa Marekani waje kusaidia kuorodhesha, akatuma vijana wake kwenda kujifunza kwao, na mwaka 1934 ikaanzishwa shule ya ukutubi ndani ya Vatikani yenyewe. Ni masomo ya mwaka mmoja, kwa Kiitaliano. Yafaa kwa padri au sista aliye Roma tayari, ambaye jimbo lake laweza kumwongezea mwaka huo. Maaskofu wetu wangefanya vema kulifikiri. Kwa binti wa katekista halifai, nami nililifuta katika daftari.

Neno moja kwa wazazi wenye nia kama yetu. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni chuo kwa barua kama mwana wenu atatozwa ada ya mwenyeji au ya mgeni, na jibu liwe la maandishi. Ulizeni pia kwamba diploma yetu ya taifa hukubaliwa namna gani, na tafsiri yake yapigwa mhuri na nani. Na huku nyumbani ulizeni kama shahada ya huko itatambuliwa. Kijana akirudi na karatasi isiyotambuliwa, atafundisha hesabu darasa la 3 kama wengine.

Usiku wa mwisho Bagamoyo nilimweleza padri mmoja mzee kisa cha daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Na nakala?” Sikuelewa. Akasema Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwamuru kila paroko kupeleka kwa Askofu, kila mwisho wa mwaka, nakala ya madaftari ya parokia. Kama paroko wa mwaka ule wa 1925 alitii, jina la babu liko mahali fulani. Nilisoma sheria hiyo seminarini, nikapata alama nzuri katika mtihani, wala sikuikumbuka siku niliyofungua mlango kwa akina mama wa karanga.

Nimerudi. Halmashauri ilikaa saa 4. Katekista alisema alichoahidiwa ni lisansi, na kwamba binti wa watu wadogo akirudi na stashahada watu wakubwa watamwita mpishi wa makaratasi. Maneno yake yalikuwa na haki. Hata mimi najua namna mwenye karatasi ndogo anavyoongeleshwa ofisini. Wengine walitaka Makerere mara moja, fedha ikiisha Mungu atajua. Ndipo msichana mwenyewe aliomba ruhusa. Alisema anataka kwanza Bagamoyo, masomo ya nyaraka, kisha arudi afanye kazi ya kweli mwaka mmoja au miwili, na ndipo aende Kampala kwa shahada, akijua Kiingereza na akijua analolitafuta. “Baba,” akasema, “nikienda leo Makerere nitakuwa najifunza lugha, makaratasi yatangoja.” Baba yake hakujibu. Siku ya pili alikuja kwangu kuuliza bei ya sanduku la bati. Lakini sharti lake hakuliondoa, na limeandikwa katika daftari la halmashauri: parokia inadaiwa shahada.

Sasa Sista mmoja anamfundisha Kiingereza jioni 3 kwa juma. Kurasa 17 zimelazwa ndani ya sanduku, juu ya matofali, mbali na ukuta. Katika uaskofu wamenijibu kwa upole: masanduku ya nakala za kale yapo, ila hayajaorodheshwa, tuje tutafute wenyewe. Niliipeleka barua hiyo nyumbani kwa yule mzee, na safari hii nilimtazama usoni. Aliisoma mara mbili. Mwezi ujao tunapanda chombo pamoja, yeye na mimi na msichana. Ameniambia nichukue taa na chakula cha siku 3, na ule utepe wangu wa gundi niuache nyumbani.